Kipindi cha hisabati: jinsi ya kukifuata kwa mkono na kutoka na kitu

Kuna jambo huwapata wanafunzi wengi, hata wenye bidii. Mwalimu anafanya mfano ubaoni, kila mstari unaeleweka, kichwa kinaitikia, kengele inalia. Jioni daftari linafunguliwa, swali la kwanza la zoezi limefanana kabisa na ule mfano, na mkono haujui uanzie wapi. Mwanafunzi anajiambia hana kichwa cha hesabu. Si kweli, na maneno hayo yanamuumiza bure. Darasani alikuwa anatambua hatua aliyoonyeshwa. Jioni ametakiwa aitoe hatua hiyo mwenyewe. Hizo ni kazi mbili, na ya pili haipatikani kwa kutazama, kama ambavyo hakuna aliyejua kuogelea kwa kukaa ukingoni.

Mwongozo huu unakipitia kipindi tangu dakika tano za mwanzo hadi siku karatasi ya mtihani inaporudishwa. Umeandikwa kwa mwanafunzi, ila pana mahali unamgeukia mwalimu, kwa sababu mambo mengine mwanafunzi hawezi kuyabadilisha peke yake.

Kabla mwalimu hajaingia

Fungua daftari kwenye kipindi kilichopita. Tafuta mfano wa mwisho, funika suluhisho kwa karatasi, soma swali peke yake, kisha andika mstari wa kwanza wa suluhisho. Mstari mmoja unatosha. Funua, linganisha.

Mstari wa kwanza ndio wenye uamuzi: ufungue mabano au ugawanye kwanza, utafute asili ya pamoja au la, uchore picha au uandike mlinganyo. Mistari inayofuata kwa kawaida ni ukokotoaji tu. Mwanafunzi anayekwama huwa amekwama kwenye uamuzi, na uamuzi ndio unaosahaulika mapema. Ukiona mstari wa kwanza umekutoka bila shida, uko tayari kwa kipindi. Usipotoka, unajua kitu kimoja cha kumuuliza mwalimu kabla mada mpya haijaupandia.

Vifaa ni vichache: kalamu, penseli, rula, daftari, na karatasi chakavu ya hesabu za pembeni. Kifutio kitumie kwa michoro tu. Hesabu uliyokosea ikate kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, kwa sababu kosa lililofutwa haliwezi kuchunguzwa, na utalirudia wiki ijayo ukidhani ni mara ya kwanza.

Kaa mahali unapoona ubao wote bila kuinuka. Kwenye masomo mengine neno lililofifia unaweza kulikisia kwa maana ya sentensi. Kwenye hesabu vitu vidogo kuliko vyote ndivyo vinavyobeba maana: kipeo, nukta ya desimali, kistari cha hasi. Ukinakili x² kama x2, au 0.06 kama 0.6, utafanya hesabu sahihi kabisa ya swali ambalo hukuulizwa. Kama makosa ya kunakili yanakuandama kila kipindi, sogea mbele, na kama hayakomi, macho yapimwe.

Wakati mwalimu anafanya mfano

Hapa ndipo kipindi kinapopotea au kupatikana. Gawa ukurasa kwa mstari wa wima: theluthi mbili kushoto kwa hatua, theluthi moja kulia kwa sababu ya kila hatua kwa maneno yako. Tuseme mfano ni huu:

3(x − 4) = 2x + 5
3x − 12 = 2x + 5 | nimefungua mabano; 3 imezidisha x na pia 4
x − 12 = 5 | nimetoa 2x pande zote mbili
x = 17 | nimeongeza 12 pande zote mbili
Kuhakiki: 3 × (17 − 4) = 39; 2 × 17 + 5 = 39. Sawa.

Safu ya kulia ndiyo utakayoisoma baadaye. Daftari lenye safu ya kushoto peke yake linafanana na picha za safari zisizo na maelezo: unaona ulifika, hujui ulipitia njia gani.

Kisha ongeza kazi ya pili, iliyo ngumu zaidi na yenye faida zaidi. Mwalimu anapomaliza mstari mmoja, kabla hajaandika unaofuata, uandike wewe kwenye karatasi chakavu. Hata nusu yake. Ukilingana naye, endelea. Ukitofautiana, weka alama ya kuuliza pembeni. Hapo pana kitu. Kwenye mfano wetu, wengi wataandika 3x − 4 = 2x + 5, kwa sababu 3 imemgusa x peke yake ikamsahau 4. Wakiendelea hivyo watapata x = 9. Weka 9 kwenye swali la awali: kushoto 3 × 5 = 15, kulia 2 × 9 + 5 = 23. Pande hazilingani, na umejua kwamba umekosea bila kumsubiri mtu akusahihishie. Kuhakiki kwa kurudisha jibu kwenye swali huchukua nusu dakika, na wanafunzi wengi hawakifanyi kitendo hicho kamwe kwa kuwa wanadhani kazi ya kusahihisha ni ya mwalimu.

Mfano ukiisha, funika daftari na ufanye swali lilelile upya toka mwanzo, au swali pacha lenye namba tofauti. Mwaka 1985 watafiti John Sweller na Graham Cooper walionyesha kwenye aljebra kwamba anayeanza mada hujifunza haraka zaidi akisoma mfano uliokwisha kufanywa na kufuatisha papo hapo swali linalofanana nao, kuliko akiachiwa maswali matupu. Neno la kushika hapo ni papo hapo. Mifano mitatu mfululizo bila kushika kalamu katikati hutengeneza hisia ya kuelewa, na hisia hiyo huyeyuka kabla ya jioni.

Itatokea kwamba mwalimu ana kasi na huwezi kunakili, kuandika sababu na kukisia kwa pamoja. Basi acha sababu, usiache kukisia. Sababu unaweza kuzijaza baada ya kipindi, ilhali nafasi ya kukisia mstari ambao hujauona hairudi.

Maneno na alama zinazoteleza

Sehemu kubwa ya makosa darasani haitokani na hesabu. Inatokana na kusoma. Hapa chini ni mitego inayowanasa wanafunzi mwaka hadi mwaka.

*Kwa* na *hadi*. Mzigo wa kilo 50 umepungua kwa 20%: umebaki kilo 40. Umepungua hadi 20%: umebaki kilo 10. Herufi chache, jibu mbali kabisa. Kila ukiona asilimia, zungushia neno lililo mbele yake kabla ya kukokotoa.

"Toa 7 katika 20" ni 20 − 7. Sentensi imetaja 7 kwanza, na mkono unaofuata maneno kwa mpangilio wake utaandika 7 − 20. Vivyo hivyo "namba iliyo pungufu ya x kwa 5" ni x − 5.

"Wanafunzi ni mara 6 ya walimu." Tuseme n ni idadi ya wanafunzi na m idadi ya walimu. Wengi huandika 6n = m, kwa kuwa 6 imesimama karibu na neno wanafunzi. Jaribu kwa namba: walimu wakiwa 10, wanafunzi ni 60, na 6 × 60 haiwezi kuwa 10. Sahihi ni n = 6m. Usijione mjinga ukinaswa hapa. Mtafiti John Clement aliwapa swali la namna hii wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1982 zaidi ya theluthi moja walikosea. Kosa linatokana na kuiona herufi kama ufupisho wa neno. Herufi inasimama mahali pa idadi, na kila unapoitambulisha andika "n ni idadi ya wanafunzi", usiandike "n = wanafunzi".

Alama ya =. Mpe mwanafunzi 8 + 4 = __ + 5. Wapo watakaojaza 12, na wapo watakaojumlisha kila kitu wapate 17. Jibu ni 7. Aliyejaza 12 ameizoea = kama amri ya "leta jibu", wakati inasema kwamba pande mbili zina thamani moja. Mazoea hayohayo humfanya aandike mnyororo kama 5 + 3 = 8 × 2 = 16, ambao ukiusoma kwa dhati unadai kwamba 5 + 3 ni 16. Andika kila hatua mstari wake.

"Ikivuka, alama inabadilika." Kanuni hii ya mkato ndiyo inayozaa x = 12 − 3 kutoka 3x = 12. Mwanafunzi ameona 3 inavuka alama ya sawasawa akaigeuza hasi. Lakini 3 hapo inazidisha x, haijumlishwi nayo, kwa hiyo kinachotakiwa ni kugawanya pande zote kwa 3, na x ni 4. Ushauri wetu ni kuiacha kabisa lugha ya kuvuka mpaka uwe mzoefu, useme kila mara "nafanya hivi pande zote mbili".

MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno hili limewasaidia wengi na limewapoteza wengi, kwa sababu linatamkwa kana kwamba kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Chukua 10 − 3 + 2. Anayefuata neno herufi kwa herufi atajumlisha 3 + 2 kwanza, atoe 5, apate 5. Jibu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja: unakwenda kushoto kwenda kulia, kinachokutana nawe kwanza ndicho unachofanya. Kuzidisha na kugawanya vilevile. Tena vipeo havimo ndani ya neno hilo, navyo vinafuata mara baada ya mabano. Ndiyo maana −3² ni −9 (kipeo kimeigusa 3 tu), na (−3)² ni 9.

Sehemu. ½ + ⅓ kwa wengi huwa ⅖: kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Simama uzitaje kwa majina yake. Una nusu, ukaongezewa theluthi, halafu unaambiwa unacho kidogo kuliko ile nusu ya mwanzo? Haiwezekani. Kinachokosekana ni vipande vya ukubwa mmoja: nusu ni sehemu tatu za sita, theluthi ni sehemu mbili za sita, jumla ⅚.

Kwenye mitego yote hii dawa ni moja. Weka namba ndogo unazozifahamu uone kama sentensi bado ni ya kweli. Anayeshuku kwamba (a + b)² ni a² + b² aweke 3 na 4: saba mara saba ni 49, tisa na kumi na sita ni 25. Shaka imekwisha bila kumsumbua mtu.

Kuuliza swali linalojibika

"Mmeelewa?" Darasa zima: "Ndiyooo!" Sauti hiyo haimwambii mwalimu chochote, na mwanafunzi aliyekwama huitikia pamoja na wenzake kwa sababu kunyamaza peke yake kunaonekana.

Kusema "sijaelewa" ni afadhali kuliko kuitikia, ila bado mwalimu atalazimika kurudia mfano wote, kwa maneno yaleyale, na wewe utakwama palepale. Swali linalojibika lina vipande vitatu: uko mstari gani, ulitegemea nini, umeona nini. Kwa mfano: "Mwalimu, niko mstari wa pili. Nilitegemea kuona kutoa 4, naona kutoa 12. Imetoka wapi?" Jibu lake ni la sekunde kumi, na kwa kawaida kuna wenzako kadhaa wanaolihitaji wakanyamaza. Kama unaona haya kusema mbele za watu, liandike kwenye karatasi chakavu ulionyeshe mwalimu anapopita kati ya madawati. Kuuliza si ujinga, na swali lililoandikwa huwa limekwisha kupangika.

Na hapa tumgeukie mwalimu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta kwa kawaida hauzidi sekunde moja hivi kabla hawajamtaja mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitolea kujibu waliongezeka, na "sijui" zilipungua. Masomo aliyoyapima yalikuwa ya sayansi, lakini kwenye hesabu sekunde moja haitoshi hata kusoma swali ubaoni. Hesabu kimyakimya hadi tano. Ukimya huo utakukera wewe kuliko wanafunzi. Na badala ya "mmeelewa?" andika swali pacha moja, toa dakika mbili, pita ukiangalia mstari wa pili wa kila daftari. Usiangalie jibu la mwisho, angalia mstari wa pili. Madaftari kumi yatakuambia unachotakiwa kurudia na unachoweza kukipita.

Mwanafunzi akikosea mbele ya darasa, mwulize amefikaje hapo, kwa sauti ileile unayoitumia kwa aliyepatia. Wakiulizwa tu wanapokosea, neno "umefikaje" huwa shutuma, na darasa zima hujifunza kuficha kazi yake.

Moyo unapodunda

Hofu ya hesabu ni ya kweli na imeenea. Katika PISA ya mwaka 2012, tathmini ya kimataifa ya wanafunzi, kwa wastani wa nchi za OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, linaloiendesha), 59% ya wanafunzi wa miaka 15 walisema mara nyingi wana wasiwasi kwamba vipindi vya hisabati vitakuwa vigumu kwao, na 33% walisema hukakamaa wakitakiwa kufanya kazi ya nyumbani ya hisabati. Anayeogopa ana wenzake wengi darasani humohumo.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kokotoa 27 × 6 kichwani. Unapata 20 × 6 = 120, unaishikilia, unafanya 7 × 6 = 42, unarudi kuichukua 120, unajumlisha 162. Hiyo 120 imekaa kwenye sehemu ya kumbukumbu inayoshika vitu vichache kwa muda mfupi. Mtu akiwa na hofu, mawazo ya "nitachekwa", "nimechelewa", "wenzangu wamemaliza" yanakalia sehemu hiyohiyo. 120 inadondoka. Anaanza upya, anachelewa kweli, hofu inapanda. Ujuzi anao, pa kuuweka ndipo hapapo.

Kwa hiyo tua mzigo kwenye karatasi. Andika kila namba ya kati, hata ile unayoona aibu kuiandika kwa urahisi wake. Namba iliyo kwenye karatasi haidondoki. Swali likikutisha kwa urefu, andika vitu viwili tu: nimepewa nini, natafuta nini. Mara nyingi mstari wa kwanza hujitokeza hapo.

Kabla ya mtihani, tumia dakika 10 kuandika wasiwasi wako wote kwenye karatasi ambayo hakuna atakayeisoma, kisha itupe. Mwaka 2011 watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock waliripoti kwamba wanafunzi waliofanya hivyo walifanya vizuri kuliko wenzao wasioandika. Si dawa ya kila mtu. Haigharimu kitu kuijaribu, lakini ijaribu kwanza kwenye jaribio dogo, usiibuke nayo siku ya mtihani mkubwa.

Mzazi au dada aliye nyumbani naye ana nafasi. "Hata mimi hesabu zilinishinda" husemwa kwa kufariji, na mtoto huisikia kama hukumu ya ukoo. Afadhali mwambie: "Nionyeshe mstari ulioishia."

Kazi ya kikundi

Kikundi cha watatu kinatosha. Wakifika watano, wawili huwa watazamaji. Kanuni yetu ni kalamu moja, na mwenye kasi kuliko wote asiishike. Yeye anasema, mwingine anaandika, wa tatu anauliza "kwa nini" kila mstari na hakubali kuendelea mpaka aridhike. Baada ya kila swali kalamu inahama. Mwenye kasi atalalamika kwamba anacheleweshwa. Mwache aeleze mara mbili, atagundua mwenyewe hatua ambazo huwa anaziruka na kukosea.

Kinachoharibu vikundi ni kunakili jibu dakika ya mwisho ili wote waonekane wamemaliza. Zuia hilo kwa kukubaliana tangu mwanzo kwamba mwalimu ataweza kumwita yeyote aeleze.

Baada ya kipindi

Siku hiyohiyo, dakika 10: funika mifano ya darasani, ifanye upya mmoja au miwili, jaza safu ya sababu. Baada ya siku mbili, maswali mawili bila kuangalia daftari. Baada ya wiki, mengine mawili. Utahisi umesahau, na hiyo ndiyo kazi yenyewe: jitihada ya kukumbuka kilichoanza kufifia ndiyo inayokikaza. Kusoma daftari upya kwa macho kunapendeza na kunakaza kidogo sana.

Zoezi lenyewe lichanganye. Kitabu hukupa maswali 20 ya aina moja, na ukifika la tano huchagui tena njia, unarudia tu. Mtihani haukutajii mada. Mwaka 2007 watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanafunzi wa chuo kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Waliofanya umbo moja mpaka liishe walipata 89% wakati wa mazoezi, waliochanganya 60%. Wiki moja baadaye kwenye jaribio mambo yaligeuka: wa kwanza 20%, waliochanganya 63%. Tazama zile 60% za mwanzo. Kuchanganya kunakufanya ujione dhaifu siku unapofanya mazoezi, ndiyo maana wengi huacha.

Mgawanyo unaofaa kwa maswali 10: manne ya leo, matatu ya wiki iliyopita, matatu ya mwezi uliopita. Yaandike kwenye karatasi bila kichwa cha mada, uyavuruge. Siku ya kwanza ya mada mpya unaweza kufanya manne au matano ya aina moja ili mkono uzoee, kisha anza kuchanganya.

Ukigundua shimo liko nyuma

Mara nyingine mada ya leo haina kosa, kilichobomoka ni cha miaka miwili iliyopita. Njia ya kulitafuta ni kushuka ngazi. Tuseme umeshindwa x/2 + x/3 = 10. Badilisha namba ziwe rahisi, bado unashindwa? Basi ondoa herufi: unaweza ½ + ⅓? Kama hapana, shuka tena: kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3 ni kipi? Ukijibu 6 bila kusita, shimo liko kati ya ngazi hizo mbili, yaani kwenye kubadilisha sehemu ziwe na asili moja. Fanya maswali 10 hadi 15 ya ngazi hiyo kwa siku tatu, kisha panda. Utafika: 3x/6 + 2x/6 = 10, 5x = 60, x = 12. Hakiki: 6 na 4 ni 10.

Usianze kitabu cha darasa la nyuma ukurasa wa kwanza. Wanaofanya hivyo huchoka kabla ya kufika penye shimo. Kitu kimoja tu tungekishauri kwa kila mtu bila kupima: jedwali la kuzidisha hadi 12 × 12 lijulikane bila kufikiri, kwa sababu ile nafasi ndogo ya kumbukumbu haipaswi kutumika kutafuta 7 × 8.

Karatasi inaporudishwa

Wengi huangalia alama, hukunja karatasi, basi. Hapo zimetupwa taarifa bora kuliko zote za muhula. Chukua kalamu ya rangi nyingine, na kila alama uliyopoteza iandikie herufi moja. M, kosa la mkono: ulijua ukateleza, kama 6 × 7 = 48. K, kosa la kanuni: ulifanya kwa uhakika jambo lisilo sahihi. S, kosa la kusoma: ulijibu swali ambalo hukuulizwa. N, njia: hukujua pa kuanzia.

Jumlisha alama za kila herufi. Zikizidi M, tatizo ni kutohakiki na hesabu zilizobanana. Andika kwa nafasi, mstari kwa mstari. Zikizidi S, zungushia maneno kama *kwa*, *hadi*, *angalau* na vipimo kabla ya kuanza. Zikizidi N, rudi kwenye zoezi la mstari wa kwanza: chukua maswali 10 ya mada mchanganyiko, andika mstari wa kwanza wa kila moja bila kumaliza. Dakika 15 zinatosha.

K inahitaji daftari lake. Kila kosa la kanuni liandike kwa vipande vitatu: nilichoandika, kwa nini nilidhani ni sahihi, na namba ndogo inayoonyesha kwamba si sahihi. Hicho kipande cha kati ndicho wanachokiruka, nacho ndicho kinachong'oa mzizi. Anayeandika tu "sahihi ni ⅚" atarudia ⅖ mwezi ujao. Anayeandika "nilidhani sehemu hujumlishwa juu kwa juu, chini kwa chini, kama zinavyozidishwa" ameshika mahali kanuni mbili zilipogongana kichwani mwake.

Baada ya siku saba fanya upya kila swali ulilokosa, karatasi tupu, bila daftari. Yaliyokubali yafute kwenye orodha. Yaliyokukatalia mara ya pili usiyapambanie peke yako: yapeleke kwa mwalimu pamoja na kazi zako zote mbili, ya mtihani na ya siku ya saba, umwonyeshe mstari ambao zote mbili zimekwama.